Ginger Baker: maswali ambayo watu hawachoki kuniuliza

Kila nikiweka bendi ya Cream au ile albamu ya Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, kwenye shughuli lazima atokee mtu aniulize yule mzungu mwekundu anayepiga dramu ni nani, alifikaje Lagos, na mbona wanasema alikuwa mkorofi vile. Mimi mwenyewe napiga dramu, kanisani na kwenye harusi, sio fundi wa kutisha ila huyu mzee nimemfuatilia miaka mingi, kwa hiyo nimeona niyajibu yote hapa kwa mpigo mmoja.

Huyu Ginger Baker ni nani hasa?

Jina lake la kuzaliwa ni Peter Edward Baker, Mwingereza, kazaliwa Lewisham kusini mwa London tarehe 19 Agosti 1939, yaani kama wiki mbili tu kabla Uingereza haijaingia vitani. Wengi wanamjua kwa Cream, ile bendi ya watu watatu aliyokuwa na Eric Clapton na Jack Bruce, lakini Cream ilidumu miaka miwili na kitu tu na huyu bwana kapiga dramu zaidi ya miaka 50. Kwa hiyo ukimjua kwa Cream peke yake umeonja mchuzi, nyama bado iko chunguni.

Ginger ndo jina la nini?

Nywele nyekundu. Basi.

Alianzaje kupiga dramu?

Kwanza alitaka kuwa mwendesha baiskeli. Sio utani, alikuwa anashindana kabisa na ndoto yake ilikuwa Tour de France, ile mbio kubwa ya Ufaransa. Akiwa na miaka kama 15 au 16 akagongana na teksi, baiskeli ikawa chuma chakavu, na hela ya nyingine haipo. Shuleni alikuwa na tabia ya kugonga madawati mpaka walimu wanakereka, wenzie wanafurahi, halafu siku moja kwenye pati kulikuwa na bendi inapiga na marafiki wakamsukuma akae kwenye dramu. Akakaa. Hajawahi kushika vijiti maisha yake yote na akapiga, tena vizuri! Baadaye alikuwa anasimulia kwamba siku hiyo ndo alijua yeye ni mpiga dramu, hakuwa na swali tena.

Ila miguu ile ya baiskeli haikupotea bure, utaona mbele huko tukifika kwenye dramu mbili za mguu.

Kuna kitu kingine cha utotoni ambacho kinaeleza mengi. Baba yake alikuwa fundi wa kujenga kwa matofali, akaenda vitani na akafa 1943 kwenye kisiwa cha Leros huko Ugiriki, Ginger ana miaka minne. Aliacha barua afunguliwe akifikisha miaka 14, na ndani yake kulikuwa na wosia kwamba ngumi zako mara nyingi ndo zitakuwa marafiki zako wa kweli. Sasa mpe mtoto barua kama hiyo kutoka kwa marehemu baba yake halafu ushangae kwa nini alikuwa anapigana na kila mtu.

Ni kweli ngoma za Rwanda na Burundi ndo zilimfungua masikio?

Hili swali nalipenda kuliko yote. Ndiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 60 pale London kulikuwa na mpiga dramu wa jazi anaitwa Phil Seamen, wengi wanasema ndo alikuwa bora kuliko wote Uingereza kwa wakati ule. Seamen akamsikia Baker anapiga, akamchukua mpaka nyumbani kwake na kumwekea sahani za santuri za ngoma za Watutsi, kama walivyokuwa wanaziita kwenye sahani zile, yaani ngoma za kifalme za huko Maziwa Makuu. Kwa Baker ilikuwa kama mtu kafungua mlango.

Kwa nini? Ukiwahi kuwaona Warundi wanapiga utaelewa. Wale hawapigi kitu kimoja wote. Kuna ngoma zinazoshikilia pigo moja bila kuchoka, zinaitwa amashakwe, kuna ya katikati inayoongoza, inkiranya, na kuna nyingine zinaifuata hiyo ya katikati inakokwenda. Mtu aliyezoea bendi za kizungu anasikia fujo, anatafuta moja iko wapi, mbili iko wapi, anapotea. Baker alisikia na hakupotea. Alikuwa na lile sikio la kusikia hesabu mbili tatu zinaenda kwa pamoja na kila moja anajua imefika wapi.

Jaribu sasa hivi hapo ulipo. Mkono wa kushoto gonga meza mara 2, polepole, na kwa muda uleule mkono wa kulia ugonge mara 3, zianze pamoja na zimalizike pamoja. Ukiweza ongeza mguu uhesabu 4. Ukiona mikono inaanza kukuiga mguu basi pole, ndo hali zetu wengi. Waliokulia kwenye ngoma za pwani wanaelewa haraka, manake ni kama chapuo inakimbia huku vumi inatembea na hakuna anayemsubiri mwenzie. Baker hiyo aliifanya peke yake, mtu mmoja viungo vinne, na ukiniuliza mimi siri yake yote iko hapo, mengine ni mbwembwe.

Kwa hiyo alikuwa mpiga roki au mpiga jazi?

Ukimuuliza hivo akiwa hai ungejuta. Yeye alisema maisha yake yote ni mpiga jazi. Alianzia kwenye bendi za jazi ya zamani za pale London, ikiwemo ya Terry Lightfoot, halafu 1962 akaingia Blues Incorporated ya Alexis Korner, na hapo kuna kisa kizuri. Aliyekuwa anakalia kiti cha dramu kabla yake ni Charlie Watts, na Watts mwenyewe ndo aliyeachia kiti kwa sababu aliona Baker anastahili zaidi. Watts muda mfupi baadaye, Januari 1963, akaenda kujiunga na vijana fulani wanaitwa Rolling Stones, kwa hiyo hakupoteza.

Mashabiki wa roki walimsikia ana nguvu wakadhani ni mwenzao. Lakini msikilize mkono wake wa kulia kwenye toazi, unaelea, hauna haraka, hiyo ni jazi. Kiukweli alikuwa mwanajazi aliyekaa kwenye jukwaa la roki kwa sababu hela ilikuwa huko na spika zilikuwa kubwa, na zile spika ndo zilimharibu masikio, hilo alilalamika mpaka kufa.

Nasikia dramu zake alitengeneza mwenyewe?

Seti yake moja ya mwanzo, ndiyo. 1961 alichukua perspeksi, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, akawa anaikunja juu ya jiko la gesi nyumbani kwake mpaka inapata duara. Fikiria harufu! Akapata dramu zenye sauti kali akazitumia mpaka 1966.

Mwaka huo ndo akanunua seti ya kampuni ya Ludwig yenye dramu mbili za mguu, moja inchi 20 na nyingine 22. Wazo alilipata kwa Sam Woodyard aliyekuwa anapiga kwenye bendi ya Duke Ellington. Baker na Keith Moon wa The Who walienda kumwangalia Ellington London, wakatoka wote wanataka dramu mbili. Wanaodhani dramu mbili za mguu ni mambo ya hevi metali wajue zilitoka kwenye jazi ya Marekani, waliobaki walikopa.

Na matoazi yake ya kampuni ya Zildjian hakuwa mtu wa kubadilisha badilisha, lile toazi lake la inchi 22 lenye ribiti za kunguruma alilitumia miaka na miaka. Sisi huku tukipata toazi lenye ufa tunalishona kwa waya maisha yanaendelea, kwa hiyo hapo namuelewa kabisa.

Cream ilianzaje, na mbona ilikufa haraka?

1966 Baker alikuwa kachoka na bendi ya Graham Bond, akamfuata Eric Clapton ambaye tayari alikuwa nyota wa gitaa la bluzi, akamwambia tuanzishe bendi. Clapton akakubali kwa sharti moja: mpiga besi awe Jack Bruce. Clapton hakujua au hakutilia maanani kwamba Baker na Bruce walikuwa paka na panya, manake kwenye bendi ya Bond walishapigana jukwaani na Baker ndo aliyemfukuza Bruce, tena kwa kumtishia kisu. Baker akameza mate, akaenda nyumbani kwa Bruce kumwomba.

Wakaitwa Cream, yaani wale wa juu kabisa kama malai kwenye maziwa, na kusema kweli hawakudanganya. Albamu ya kwanza Desemba 1966, ya pili Disraeli Gears 1967, ya tatu Wheels of Fire 1968 ambayo ndo albamu ya kwanza yenye sahani mbili kupata platinamu, ile tuzo ya mauzo makubwa. Halafu tarehe 26 Novemba 1968 wakaaga Royal Albert Hall, London. Kwisha.

Kilichowaua ni kelele na ugomvi. Bruce na Clapton kila mmoja ana maspika yamepangwa kama ukuta, kila mmoja anaongeza sauti asizidiwe na mwenzie, dramu za Baker hazina pa kuongezea. Clapton mwenyewe alishawahi kusimulia kwamba siku moja jukwaani aliacha kupiga gitaa kabisa na wale wawili hawakugundua.

Baker na Bruce waligombania nini hasa?

Mengi, lakini kubwa ni hela. Kwenye muziki anayelipwa miaka yote ni mwenye jina kwenye utunzi, na nyimbo nyingi kubwa za Cream zimeandikwa majina ya Bruce na mshairi Pete Brown. Cha kuchekesha ni kwamba Brown aliitwa mwanzoni aje kuandika na Baker, akaishia kuelewana na Bruce. Baker alisema hadi mwisho kwamba yeye ndo aliyeingiza ule mwanzo wa mapigo matano kwenye wimbo wa White Room na hakupata hata senti ya utunzi. Hapa mimi niko upande wake nusu. Mpiga dramu anaweza akaubadilisha wimbo mzima ukawa kitu kingine lakini karatasi za haki miliki zinajua melodi na maneno tu, na hilo bendi zetu za dansi zinalijua fika, muulize mpiga tumba yeyote mzee amepata nini kwenye nyimbo alizozibeba.

Nusu nyingine hapana, manake Baker alikuwa mgumu kuishi naye hata kama ungemlipa.

Nisikilize nini ili nijue anachofanya, mimi sio mwanamuziki?

Anza na Sunshine of Your Love. Nyimbo za roki karibu zote mpigo mzito unaangukia kwenye 2 na 4, pale unapopiga makofi. Yeye hapa kageuza, uzito kauweka kwenye 1 na 3, tena hapigi snea, ile dramu ya sauti kali, pa! pa! kama wengine, anazunguka kwenye tomu, zile dramu za katikati, inatoka kama ngoma ya kijijini usiku. Piga makofi ya kawaida juu yake utasikia kitu kinakuvuta nyuma. Hicho ndo chenyewe.

Halafu White Room, ule mwanzo, hesabu na vidole: moja mbili tatu nne tano, moja mbili tatu nne tano. Sauti zikianza kuimba inarudi kwenye nne na hata husikii alivyovuka.

Ukimaliza weka Toad. Ya studio ni dakika tano hivi lakini iliyorekodiwa laivu San Francisco 1968 na kuwekwa kwenye Wheels of Fire inapita dakika 16, na sehemu kubwa ni yeye peke yake. Watu wengi solo ya dramu ndo wanaenda kununua soda. Hii usiende. Sikiliza miguu, ile miguu ya baiskeli, inashika mwendo wake chini huku mikono juu inasimulia habari nyingine kabisa. Na mara nyingi utasikia kasentensi kafupi anakarudia rudia, anakageuza, anakajibu, yaani solo yake ina mdomo, sio kuonyesha mbio tu.

Blind Faith na Airforce ni bendi zake pia?

Ndiyo. Blind Faith ilikuwa yeye, Clapton, Steve Winwood na Ric Grech. Onyesho lao la kwanza Hyde Park tarehe 7 Juni 1969 lilijaza watu kama 100,000, wakatoa albamu moja, wakazunguka Marekani, wakavunjika mwaka huohuo.

Airforce ndo ya moyoni mwake. Kundi kubwa, mapulizo, dramu juu ya dramu, akamweka mwalimu wake Phil Seamen, akamweka na Remi Kabaka mpigaji kutoka Afrika Magharibi, wakapiga Royal Albert Hall Januari 1970 na kurekodi palepale. Imejaa kelele, wakati mwingine kila mtu anapiga kama yuko peke yake, lakini hapo ndo unaona tayari macho yake yanaangalia kusini.

Ni kweli alivuka Sahara kwa gari mpaka Nigeria?

Kweli tupu, na ushahidi upo kwa sababu walirekodi filamu. Novemba 1971 alichukua Range Rover, wakati huo gari lenyewe ndo kwanza jipya sokoni, wakiwa na mtengeneza filamu Tony Palmer, wakashuka kupitia Algeria, wakakata jangwa mpaka Nigeria. Angeweza kupanda ndege. Sijui hata nieleze vipi, huyu ni mtu aliyekuwa na jina kubwa Ulaya na Marekani, hela ipo, na akaona afadhali ale vumbi wiki kadhaa kwenda kutafuta ngoma.

Kumbuka pia vita ya Biafra ilikuwa imeisha Januari 1970, Nigeria ndo inajikusanya upya. Sio sehemu ambayo wasanii wa London walikuwa wanapanga foleni kwenda.

Na Fela je? Walikuwa marafiki kweli au ni picha tu?

Marafiki kabisa, kwa wakati wake. Walijuana London tangu Fela akiwa mwanafunzi wa muziki pale Trinity College. 1971 Fela na bendi yake ya Africa '70 walirekodi albamu laivu mbele ya watu wachache ndani ya studio za Abbey Road, Baker akiwa mgeni kwenye dramu. Sikiliza Ye Ye De Smell humo.

Na hapa watu huwa wanakosea, wanadhani Baker alikuja akachukua nafasi. Hapana. Mwenye kiti pale ni Tony Allen, na Tony Allen bila ubishi ndo mwenye mdundo wa afrobiti, ule muziki wa Fela. Baker alikaa pembeni yake na kitu kizuri ni kwamba anasikiliza, hamfuniki. Kuna na kipande cha wawili hao peke yao, dramu kwa dramu kwa kama dakika 16, kilipigwa kwenye tamasha la jazi Berlin 1978 na kikaongezwa kwenye CD ya albamu hiyo. Baker anasukuma, Allen anateleza. Mimi nikilazimishwa kuchagua nachagua Allen, nisameheni, lakini Baker ndo mzungu wa kwanza niliyemsikia anaingia kwenye mdundo ule bila kuukanyaga.

Huko Nigeria pia alikuwa na bendi inaitwa Salt na wale mapacha waimbaji, dada Taiwo na Kehinde Lijadu.

Hii habari ya studio na Paul McCartney ikoje?

Baker alijenga studio Ikeja, Lagos, ikafunguliwa 1973. Mwaka huohuo McCartney, yule wa Beatles, akaja Lagos kurekodi albamu ya Band on the Run, ila kazi karibu yote akaifanya kwenye studio ya EMI iliyokuwa Apapa. Baker alitegemea aje kwake, McCartney akaenda siku moja kama kulipa heshima, wakarekodi Picasso's Last Words, na kwenye wimbo huo Ginger Baker, yule wa dramu mbili na matoazi ya Zildjian, anatikisa kopo lenye kokoto. Kopo! Mpaka leo nikiusikia nacheka.

Studio baadaye ikaharibika kibiashara, wenzie hawakuelewana, na kufikia katikati ya miaka ya 70 akaondoka Nigeria mkono mtupu.

Mambo ya farasi yaliingiaje?

Nigeria hukohuko. Alianza kucheza polo Lagos, mchezo wa wenye nazo, wakubwa wa jeshi na matajiri. Fela anawatukana wakubwa kwenye nyimbo, rafiki yake anapanda nao farasi, sasa wewe piga hesabu urafiki utaenda wapi. Polo ikawa ugonjwa. Kila hela kubwa aliyopata kuanzia hapo iliishia kwenye midomo ya farasi, na kila alipohamia, Colorado kule Marekani, Afrika Kusini, swali la kwanza ni farasi watalala wapi.

Alikuwa teja?

Ndiyo, heroini, alianza kama 1960 na hakuficha. Kaacha karudi, kaacha karudi, kwa miaka. Iliyomsaidia ni kujitenga, mwanzoni mwa miaka ya 80 alikimbilia kijijini Toskana, Italia, akawa mkulima wa zeituni, mbali na kila mtu aliyekuwa anamuuzia. Wanaosema unga ndo ulimfanya apige vile waache, siku zake nyingi mbaya kwenye dramu zilikuwa za unga.

Baada ya hapo alifanya nini, au ndo ilikuwa mwisho?

Prodyuza Bill Laswell alimfuata hukohuko kwenye zeituni na kumrudisha, akapiga kwenye albamu ya 1986 ya bendi ya Public Image. Akahamia Marekani. Akajiunga na bendi ya Masters of Reality, wana wimbo unaitwa T.U.S.A. ambao yeye ndo anaongea, analalamika kuwa Wamarekani hawajui kupika chai. Mtu kapiga na Fela, kapiga na Clapton, analalamikia chai. Nampenda kwa hilo.

Lakini kilele cha uzeeni, kwangu mimi, ni 1994 alipokaa na Bill Frisell kwenye gitaa na Charlie Haden kwenye besi la kusimama wakatoa Going Back Home. Hakuna ukuta wa spika. Watu watatu tena, kama Cream, ila safari hii kila mtu anasikika. Halafu akiwa Colorado akafanya kazi na mpiga tarumbeta Ron Miles, ikatoka Coward of the County 1999. Mwaka huo akahamia Tulbagh, Afrika Kusini, na farasi wake.

Ni kweli aliwadharau Bonham na Keith Moon?

Bonham ni yule mpiga dramu wa Led Zeppelin. Baker alisema wote wawili hawana swingi, ule mwendo wa kuyumba wa jazi, na hakusema kwa upole. Moon alikuwa rafiki yake hata hivo. Kuhusu hevi metali ndo kabisa, aliposikia watu wanasema Cream ndo waliizaa akajibu kwa maana ya kwamba kama ni hivyo basi mimba ile angeitoa. Waliokuwa juu kwake ni wapiga dramu wa jazi: Phil Seamen, Max Roach, Elvin Jones na Art Blakey. Blakey na Elvin alishapambana nao dramu kwa dramu mwanzoni mwa miaka ya 70, na wale kumkubali ndo ilikuwa tuzo yake. Kuingizwa kwenye jumba la heshima la roki 1993 na Cream ni kitu kizuri ila ukimuuliza angekutajia Elvin.

Alimpiga mtengeneza filamu kwa fimbo?

Ndiyo, kwenye pua, na kamera ikiwa inaona. Jay Bulger alikaa naye kule Tulbagh, akatengeneza filamu ya maisha yake iliyotoka 2012, na inaanza na tukio hilohilo. Mzee kakasirika kusikia watu wengine wa zamani watahojiwa kwenye filamu. Bulger akatokwa damu, akaendelea na kazi.

Cream walirudiana 2005, ilikuwaje?

Mwezi Mei usiku nne Royal Albert Hall, palepale walipoagania, na zilikuwa nzuri sana, sauti ya chini kiasi, Baker ana miaka 65 anapiga kwa akili. Oktoba wakaenda Madison Square Garden, New York, usiku tatu, na hapo Bruce na Baker wakagombana tena jukwaani kuhusu sauti ya besi. Miaka 37 kupita! Hawakupiga tena. Hela ya Baker, ndiyo umeshajua, farasi.

Ana watoto? Kuna anayepiga?

Watatu. Wa mwisho, mvulana, alimpa jina la Kofi, na Kofi Baker ni mpiga dramu hasa, anazunguka anapiga nyimbo za Cream. Uhusiano wao ulikuwa mgumu kama alivyokuwa mgumu kwa kila mtu.

Alikufa lini, na ya nini?

Tarehe 6 Oktoba 2019, hospitalini Canterbury, Uingereza, ana miaka 80. Mapafu yalikuwa mabovu, mifupa inauma, na 2016 alikuwa kafanyiwa upasuaji wa moyo. Bruce alimtangulia Oktoba 2014.

Ila miaka yake ya mwisho mwisho alikuwa bado anapiga, na bendi ndogo aliyoiita Jazz Confusion: Pee Wee Ellis kwenye saksafoni, yule aliyekuwa na James Brown, Alec Dankworth kwenye besi, na Mghana Abass Dodoo kwenye ngoma. Albamu yao inaitwa Why?, 2014. Tafuta video zao uangalie, mzee kakaa, kapinda mgongo, mkono haunyanyuki sana, halafu Dodoo anaanzisha kitu kwenye ngoma pembeni na unamwona Baker anageuza kichwa upande ule, anasubiri kidogo, anaingia na mguu wa kushoto.